Kiti cha Abiria kwenye Gari la Saning'o

Siku hizi nikijinyoosha mkekani baada ya swala ya adhuhuri, usingizi haunichukui wote. Unanibeba nusu, unaniacha nusu. Hapo katikati ndipo ninapoiona sindano ya geji ya presha imetulia kwenye namba tatu, na nyuma yake barabara nyekundu ya kwenda Mikumi inapanda polepole, bila sauti yoyote. Mke wangu anasema nikiwa hivyo huwa natabasamu. Siku nyingine anasema nasaga meno.

Nyinyi mafundi vijana mkija kunijulia hali hapa Kilosa mnanikuta nimefumba macho, mnanong'onezana, "Mzee kachoka." Nawasikia. Mimi sijachoka, nipo gereji tu, ila gereji yenyewe siku hizi imo kichwani. Juzi mmekuja nyuso zimesawijika, mwenzenu kaunguza injini ya watu, gari la tabo, na ile mashine yenu ya kusoma kompyuta ya gari haikusema kitu. Mkaniuliza habari za presha ya mafuta. Haya, nitasema. Ila msitarajie nianze moja niishie kumi. Kumbukumbu zangu zinakuja kama treni hii mpya ya umeme: inapita pale chini ya milima bila kelele, ukigeuka imeshapita, unabaki kujiuliza kama uliiona au uliota.

Kwanza kabisa, petroli haina adabu. Hilo nilifundishwa na Fundi Kasimu, Mungu amrehemu, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mtu mfupi, ametoka karakana ya reli na sikio moja tu linalosikia. La pili lilimezwa na vichwa vya treni. Alikuwa akishika bomba la mafuta kwa vidole viwili, kama nesi anavyoshika mkono wa mgonjwa, anafumba macho, halafu anakwambia pampu imechoka au haijachoka. Mimi nilidhani anaringa.

Wiki yangu ya kwanza nikafungua bomba la mafuta gari likiwa limezimwa sasa hivi tu. Presha bado imo ndani. Wallahi petroli iliniruka usoni, machoni, mpaka mdomoni, nikapiga ukelele wa "Mama yangu!" uliosikika sokoni. Fundi Kasimu akanishika kisogo, akanizamisha kichwa kwenye pipa la maji ya kuoshea radiata. Maji yale yalikuwa na kila kitu isipokuwa maji. Aliponitoa akaniuliza, kwa upole kabisa, "Ulibisha hodi?"

"Sikubisha, fundi."

"Basi ukiingia nyumba ya watu bila hodi, utamwagiwa maji ya vyombo."

Kubisha hodi ni hivi. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa gari, liache lijizimie lenyewe kwa kukosa mafuta. Zungushia kitambaa pale unapofungulia, legeza kidogo kidogo. Na mwenye sigara akavutie kwao. Dakika tatu tu hizo, lakini najua nusu yenu hamzifanyi, maana nawaona macho yenu mekundu.

Alikuwa na sheria nyingine pia, Fundi Kasimu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisimulie leo. Fundi anapanda na gari alilolitengeneza. Hampi mwenyewe ufunguo akamwambia "safari njema" huku anafuta mikono. Anapanda, anakaa kiti cha abiria, mikono magotini, mdomo umefungwa, mpaka mlima wa kwanza upandwe uishe. Nilimuuliza kwa nini kiti cha abiria, kwa nini asiendeshe mwenyewe. Akasema dereva ana kazi ya kuogopa, hasikii kitu kingine. Abiria ndiye anayesikia. Alikuwa akikaa upande, lile sikio zima amelielekeza kwenye injini, macho amefumba, na mimi nyuma nikimwangalia nasema moyoni, huyu mzee amelala.

Sasa tabo. Sikilizeni vizuri, sitarudia. Gari la kawaida linavuta hewa lenyewe. Gari la tabo linashindiliwa hewa. Ukikanyaga mafuta mlimani, tabo inazunguka, inasukuma hewa ndani kwa nguvu, na petroli nayo inatakiwa iingie humo humo. Chukua mrija, puliza, na mwenzako apulize upande wa pili. Hutashinda mpaka uongeze pumzi kwa kiasi kile kile anachoongeza yeye. Ndiyo hiyo tu. Kazi ya kuongeza pumzi ni ya regulata, kile kidude kinachobana presha ya petroli, na regulata inajuaje kwamba hewa imeongezeka? Inaambiwa na kimpira chembamba, unene wake kama kidole changu kidogo, kinachotoka kwenye manifodi, mahali hewa inapoingilia injini. Kimpira hicho mtoto anaweza kukikata kwa meno, lakini kikinyamaza, injini inakufa.

Ukitaka kuweka presha, funga geji, washa gari, liache lingurume tu hapo liliposimama. Chomoa kile kimpira kwenye regulata, ukizibe ncha. Sasa zungusha skrubu ya regulata mpaka sindano isome kile kitabu cha gari kinachotaka. Mengi ya wakati wangu yalitaka baa tatu. Kaza nati. Rudisha kimpira. Sindano lazima ishuke, ije mbili na nusu hivi, kwa sababu injini iliyotulia inanyonya. Ukichomoa tena, lazima iruke irudi tatu. Isipocheza, usiguse skrubu! Kimpira kimekufa. Ukigusa skrubu hapo, umempaka mgonjwa poda ukasema amepona.

Msinione nasema kwa ukali mkadhani nilizaliwa najua.

Nikumbuke la kuchekesha kwanza, maana hilo lingine linaniuma. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Magole, gari lake dogo la tabo, kila siku hadithi ni ile ile: asubuhi linakwenda kama limetumwa, baada ya nusu saa linalegea, linazima. Akisimama akanywa soda, linawaka, linakwenda tena. Mafundi watatu walikuwa wamembadilishia pampu. Nikafunga geji, sindano safi kabisa. Nikapanda naye, sheria ni sheria. Tukatoka, sindano imetulia, tukapita mashamba ya mpunga, naye ananisimulia habari za wanafunzi wake, mimi nasinzia. Mara sindano ikaanza kushuka, taratibu, kama jua. Ikalala. Gari likazima katikati ya mpunga, kimya, ndege tu.

Vijana, gari linalopona likipumzika, tazama tanki. Tulirudi, nikalishusha tanki, nikaingiza waya wenye ndoano, nikavuta. Ikatoka kanga. Nusu ya kanga nzima, rangi bado zipo. Mfuniko wa tanki ulipotea zamani, mwalimu akachukua kanga ya mkewe akaichana akaziba, siku moja ikadumbukia ndani, akanyamaza. Kila pampu ikivuta, kanga inakuja taratibu inaziba mdomo; gari likizima, kanga inaachia. Mkewe alikuwepo pale gereji siku hiyo, amekuja na chakula cha mumewe. Akaitazama ile kanga inavyochuruzika petroli, akasema, "Kumbe! Nami nimegombana na dada yako mwaka mzima kwamba kaniibia." Akaondoka na chakula chake. Mwalimu aliniomba nimpeleke nyumbani, hakutaka kuingia peke yake.

Basi. Sasa hili.

Mnafahamu hapa kwetu wakulima na wafugaji tunavyoishi. Siku nyingi ni salamu na maziwa, halafu inakuja siku moja mbaya. Mwaka ule ng'ombe waliingia shamba la marehemu baba yetu, lile la njia ya Mikumi, wakala mahindi yaliyokuwa yamebeba. Hatukujua ni ng'ombe wa nani. Wafugaji nao walikuwa na ndama wao waliokutwa wamekatwa, na hakuna aliyejua ni panga la nani. Kaka yangu Shomari, ambaye ndiye mkubwa wetu, akasema mbele ya familia nzima kwamba mtu wa nyumba yetu asionekane amekaa na mfugaji, wala kula naye, wala kupanda chombo chake. Na Shomari kila asubuhi alikuwa anakunywa kahawa kwenye benchi lililotazamana na gereji yangu, yeye na wazee wenzake. Benchi lile lilikuwa linaona kila kitu.

Ndipo Saning'o akaja. Kijana wa Kimaasai wa uwanda wa upande wa Rudewa, mrefu, shuka begani, na gari la tabo la mtumba ambalo hakuwa amelizoea bado. Alikuwa anaufunga mlango wake kwa mikono miwili, kwa heshima. Mkewe Nashipai alikuwa nyuma, mjamzito wa miezi saba.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lina nini?"

"Kwenye tambarare linakwenda. Likifika mlimani linakohoa, halafu linakata tamaa."

Nikafungua boneti. Yeye akasimama karibu yangu, akaniambia bila kuzunguka. "Fundi, watoto wawili tumewapoteza njiani. Wa kwanza tukiwa kwenye pikipiki. Wa pili kwenye trekta, tunasubiri mto upungue tuvuke. Daktari wa hospitali ya Mikumi amesema huyu atoke kwa kupasuliwa, na uchungu ukianza nisichelewe. Ndiyo maana nimeuza ng'ombe nikanunua hili. Mimi sihitaji gari zuri. Nahitaji gari linalofika."

Nilimsikia. Nataka mjue kwamba nilimsikia vizuri kabisa. Lakini sikio langu la pili lilikuwa kwenye benchi, ambako mazungumzo yalikuwa yamekatika.

Nikakuta kile kimpira cha regulata kimeoza, vipande vimedondoka. Nikakata kipya, nikakichomeka haraka haraka. Nikafunga geji. Sindano ikasoma tatu, na kimpira kimeshachomekwa. Mnaelewa? Ilitakiwa isome mbili na nusu. Fundi mwenye akili timamu angekichomoa aone kama sindano inacheza. Mimi nilitaka gari lile liondoke uani kwangu. Nikachukua bisibisi, nikazungusha skrubu mpaka sindano ikashuka mbili na nusu. Nikafunga boneti.

"Tayari."

"Hupandi, fundi? Nimesikia wewe huwa unapanda."

"Leo nina kazi nyingi."

Gereji nzima ilikuwa na gari moja, nalo lilikuwa juu ya matofali linasubiri spea. Saning'o akalitazama, akashukuru, akaondoka.

Akarudi baada ya siku nne. Shikamoo, marahaba, linakohoa mlimani vile vile. Nikabadilisha chujio la mafuta. Akarudi tena wiki iliyofuata. Nikapima umeme wa pampu, mzima. Nikashusha tanki, safi kama sufuria ya bi harusi. Kila nikipima pale uani sindano iko mahali pake. Bila shaka iko! Mimi mwenyewe ndiye niliyeiweka. Na gari la tabo likiwa limesimama, hata ukilikanyaga mpaka lilie, halina mzigo, tabo haisukumi, hutaona kitu. Nilikuwa napima homa ya mtu aliyelala kivulini.

Mara hiyo Saning'o aliniambia jambo. "Fundi, sisi ng'ombe mgonjwa hatumwangalii akiwa amelala. Tunamtoa atembee na wenzake. Akibaki nyuma, unamwona amebaki nyuma. Panda twende mpaka mlimani."

"Kazi nyingi, bwana."

Akageuka, akalitazama benchi la kahawa. Akanitazama mimi. Hakukasirika. "Haya, fundi. Asante," akasema, na Nashipai kutoka nyuma akasema, "Asante, baba." Jioni ile sikula. Nilimwambia mke wangu ni tumbo.

Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi, ukungu bado umekaa juu ya mto Mkondoa. Namkumbuka muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake. Gari likaingia uani, Saning'o hakushuka, alitoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, fundi. Uchungu umeanza. Mtoto amewahi kwa wiki tatu. Nimempigia daktari, anatungoja. Nimekuja njia nzima likiwa zima, lakini milima iko mbele."

Nashipai alikuwa amelala kiti cha nyuma, ameuma pembe ya shuka. Mama mmoja wa kwao alikuwa amemshikilia kichwa. Nashipai aliponiona akaliachia lile shuka. "Shikamoo, baba," akasema. Hebu fikirieni. Mtu ana uchungu wa namna ile, na bado anaona mkubwa wake anastahili salamu. Mimi nikaitikia marahaba.

Nikachukua geji yenye mpira mrefu. Nilibisha hodi hata siku ile: fyuzi, kitambaa, taratibu. Nikaifunga, nikaupitisha mpira nje kwenye upenyo wa boneti, geji nikaikalisha juu ya kioo cha mbele, nikaibana kwa waipa, nikaizungushia mpira wa baiskeli isidondoke. Uso wake umetutazama sisi ndani. Mkitaka kumjua mgonjwa wa mlimani, hivyo ndivyo mnavyomfuata mpaka mlimani.

Nikafungua mlango wa abiria. Ng'ambo ya barabara Shomari akasimama, kikombe mkononi. "We! Unakwenda wapi na hao?"

"Kazini, kaka."

Sikumtazama. Nasema kweli, sikuwa jasiri. Nilipanda nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Tukapita sokoni, vijana wa bodaboda wakatupisha, tukavuka reli, mji ukaisha. Tukapita lile shamba la baba, mahindi mapya yanapepea, hayajui kitu. Baada ya hapo sijui niwaelezeje. Ukungu ulikuwa unainuka pande zote mbili za barabara, milima inatokea vipande vipande, na katikati ya yote sindano imetulia kwenye mbili na nusu, inatetemeka kidogo sana. Nyuma Nashipai alikuwa anasema na tumbo lake kwa lugha yao, pole pole, uchungu ukija ananyamaza, ukipita anaendelea pale pale alipoachia. Sikuelewa neno hata moja. Nilikaa mikono magotini, mdomo nimefunga. Nadhani siku ile ndiyo nilielewa kwamba Fundi Kasimu hakuwa amelala.

Tukafika mlimani. Saning'o akakanyaga. Tabo ikaanza kupiga mluzi, gari likajikusanya, na mimi macho kwenye sindano nasubiri ipande. Haikupanda. Hewa inaongezeka, mluzi unaongezeka, sindano iko pale pale, imelala. Injini ikaanza kugonga, kokoto ndani ya kopo.

"Ondoa mguu! Ondoa! Simama pembeni!"

Nikaruka nje, nikaitoa geji kiooni niione, nikafungua boneti. Injini inanguruma taratibu. Nikachomoa kile kimpira, nikaitazama sindano. Haikucheza. Nikakifuata kimpira kwa kidole, kutoka kwenye regulata, chini ya bomba, mpaka mwisho wake. Kulikuwa na vidomo viwili vya kuchomekea, vimekaribiana, vinafanana kama mapacha. Kimoja kinatoka kwenye manifodi. Kingine kinatoka kwenye bomba la hewa kabla ya tabo, ambako hakuna habari yoyote. Kimpira kilikuwa kwenye hicho cha pili. Na kile cha manifodi kilikuwa kimezibwa kwa kofia ndogo ya mpira, safi, mpya. Niliijua kofia ile. Niliivalisha mimi, siku ile ya kwanza, nikiwa na haraka ya kumwondoa mtu uani kwangu.

Mwezi mzima gari lilikuwa linanipigia kelele mlimani, na mimi nilikuwa nalisikiliza uani.

"Baba," Nashipai akaita kutoka ndani, sauti imekatika, "bado?"

"Bado kidogo, mwanangu. Kidogo tu."

Nikahamisha kimpira, nikahamisha kofia. Nikakichomoa kimpira upande wa regulata, nikaziba ncha kwa kidole gumba, na mkono wa pili nikarudisha skrubu nilikoitoa: tatu. Nati. Nikarudisha kimpira. Sindano ikashuka yenyewe mbili na nusu, kama ilivyotakiwa kushuka siku ya kwanza. Nikakichomoa, ikaruka. Nikakirudisha, ikashuka. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyoipenda sindano ile.

Nikafunga boneti, nikairudisha geji kiooni, nikaruka ndani. "Twende! Kanyaga!"

Tukapanda. Mluzi ukaanza, na sindano ikaamka. Tatu. Tatu na nusu. Mlima ukikaza, nayo inapanda, mlima ukilegea, nayo inashuka, wanakwenda pamoja bega kwa bega. Hiyo ndiyo inayonijia mchana nikilala. Saning'o alikuwa anacheka peke yake, machozi yanamtoka. Nyuma yule mama wa kwao alianza kuimba, na milima ile yote tuliimeza tukiwa ndani ya wimbo, sijui hata tuliimaliza lini.

Mikumi walikuwa wanamngoja na kitanda cha magurudumu. Wakamchukua. Mlango ukafungwa. Mimi nikabaki pale nje kwenye jua, nikawa nafuta vumbi kwenye boneti ya gari lisilokuwa langu, nafuta tu, sehemu ile ile. Naweza kuwaambia presha ya kila injini iliyopita mikononi mwangu, lakini nikiulizwa nilisubiri dakika ngapi pale, sijui. Nilikuwa nafanya hesabu nyingine. Kama nisingeliona kosa? Kama angekuwa peke yake pale mlimani? Watoto wawili walichukuliwa na njia. Huyu wa tatu angekuwa amechukuliwa na mimi.

Saning'o akatoka. Akasimama mbele yangu. Akasema, "Binti."

"Na mama yake?"

"Mzima. Amekusalimia."

Nikakaa chini, pale pale kwenye kokoto. Alhamdulillahi nilisema mara ngapi sijui. Saning'o naye akachuchumaa karibu yangu. Tulikaa hivyo, tukitazama watu wanavyoingia na kutoka. Halafu akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kujifunza, "Fundi, ugonjwa ulikuwa nini?"

Mafundi wenzangu, mnajua uongo ulivyokuwa umejipanga mdomoni. Petroli chafu. Panya. Vumbi la uwandani. Fundi mwingine aliyetangulia. Wote ni uongo mzuri, nilishautumia, na nyinyi mnautumia.

"Ugonjwa ni mimi," nikasema. Nikamwambia kila kitu: vidomo viwili, kofia, skrubu. Nikamwambia na lile la benchi. "Sikupanda kwa sababu ya kaka yangu na wazee wale. Niliogopa kuonekana kwenye gari lako."

Saning'o akainuka, akaenda akaitoa geji pale kwenye kioo, akaifuta uso kwa shuka lake.

"Nilijua, fundi," akasema. "Tangu mara ya pili."

"Ulijua? Sasa kwa nini uliendelea kuniletea?"

"Ningeenda wapi? Mimi nimezaliwa hapa, Kilosa ni kwangu pia. Nikasema nitakuwa nakuja, nitakuamkia, mpaka siku utakapopanda. Nilidhani muda ninao. Huyu binti ndiye aliyewahi."

Nilikuwa na miaka hamsini na ushei, na kijana aliyekuwa akiniamkia kila mara alikuwa ameubeba mzigo wangu mwezi mzima, mimi sina habari.

Akanipa geji yangu. "Inabidi nikamlete mama yake Nashipai, amefika Kilosa kwa basi, yuko pale sokoni. Tutapita mbele ya gereji yako, watu wote watakuwepo. Ukitaka, panda basi la abiria, sitakasirika." Akaufungua mlango wa mbele wa gari, akasimama nao.

Asubuhi nilipandishwa na uchungu wa mwanamke. Mara hii hapakuwa na uchungu wa mtu yeyote, na mlima wa kwanza nilikuwa nimeshaupanda, sheria ya Fundi Kasimu hainidai.

Nikapanda, nikashusha kioo, benchi linione.